Dawa inayolenga njia ipi? Ulinganisho kwa anayeuguza mgonjwa wa saratani Uganda

Mwaka jana dereva mmoja wa lori kutoka Arua alinijia na swali moja tu: "Dada, niuze kiwanja au nisiuze?" Dada yake mkubwa alikuwa na saratani ya titi. Mtu alikuwa amemwambia kuna dawa iitwayo Herceptin, ambayo haing'oi nywele kama kemo na inaifuata saratani ilipo. Kiwanja chenyewe waliachiwa na marehemu baba yao. Nikamuuliza karatasi ya maabara inasemaje kuhusu HER2, protini ambayo dawa hiyo huilenga. Hakuwa na karatasi. Hakuna aliyekuwa amepima.

Mimi si daktari. Ninawatafsiria wagonjwa wanaofika Kampala bila Kiganda wala Kiingereza cha hospitali: Wakongo wa Nakivale na wa Beni, watu wa Busia, Wanubi wa Bombo, ndugu zetu wa West Nile. Nimekaa na wagonjwa mbele ya madaktari kwa miaka ya kutosha kuona kwamba sifa za dawa za kulenga zimefika vijijini, lakini maelezo yake yamebaki njiani. Watu wanajua kwamba zipo na kwamba ni ghali. Hawajaambiwa kwamba kila moja imetengenezwa kwa ajili ya njia moja ndani ya seli, na kwamba kama njia hiyo haifanyi kazi kwenye uvimbe wa mgonjwa wako, dawa hiyo ni pesa iliyotupwa. Kwa hiyo hapa nazilinganisha njia hizo, kwa jicho la mtu mwenye mgonjwa na mfuko usiojaa.

Njia yenyewe ni nini

Seli ya mwili haijiamulii kugawanyika. Hungoja ujumbe. Kwenye utando wake kuna protini ziitwazo vipokezi. Kichocheo cha ukuaji kikitua juu ya kipokezi, kipokezi huamka na kuigutusha protini iliyo ndani, hiyo huigutusha ya pili, ya pili ya tatu, mpaka habari ifike kwenye kiini na jeni za ukuaji zifunguliwe. Kazi ikiisha, zote hulala. Mnyororo huo ndio wataalamu wanauita njia ya ishara. Huku Buganda kuna mdundo wa ngoma uitwao ggwangamujje, wa kuwaita watu wote watoke nje. Ukipigwa watu hutoka. Shughuli ikiisha, ngoma hunyamaza. Kwenye saratani jeni fulani imeharibika na ngoma hainyamazi. Waswahili husema ngoma ikilia sana hupasuka, ila hii hulia usiku na mchana bila kupasuka, na seli zinaendelea kuzaliana.

Dawa za kulenga ni za namna mbili kubwa, na jina hukusaidia kuzitambua. Zinazoishia na -mabu, kama trastuzumabu (ndiyo hiyo Herceptin) na bevasizumabu, ni kingamwili: huingia kwa dripu au sindano, ni kubwa mno kuingia ndani ya seli, hivyo hukamata kitu kilicho nje, ama kipokezi ama kichocheo chenyewe. Zinazoishia na -nibu, kama imatinibu na gefitinibu, ni vidonge vidogo vinavyopenya ndani na kukiziba kimeng'enya kiitwacho kinasi, ambacho ndicho hupokezana ujumbe. Vidonge humezwa nyumbani. Dripu hukufunga na hospitali, na kwa mtu wa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, nauli na malazi ni sehemu ya bei ya dawa hata kama hakuna anayeiandika kwenye risiti.

Ninapolinganisha huwa najiuliza: Je, uvimbe unasimama juu ya njia hii peke yake, au una vichochoro vingine? Je, tunaweza kupima kama njia hii ndiyo yenye kosa? Na dawa ikishindwa, kuna kinachofuata?

BCR-ABL, inayotegemea mguu mmoja

Nianze na ile iliyofanikiwa kuliko zote, ili uwe na kipimo cha kuzipimia zilizobaki. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye damu ya wagonjwa wa lukemia sugu ya mailoidi, ile saratani ya damu inayojaza chembe nyeupe na kuvimbisha wengu hadi tumbo linakaza. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vilipoungana huzaliwa kinasi kimoja kisicholala, BCR-ABL. Ugonjwa mzima, katika hatua zake za mwanzo, umesimama juu ya mguu huo mmoja. Ukate mguu, uanguke.

Imatinibu, iuzwayo kwa jina la Glivec, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika jaribio kubwa lililowafuata wagonjwa, baada ya miaka 10 takriban asilimia 83 ya walioanzishiwa dawa hiyo walikuwa hai. Mimi nimewaona. Kuna mzee wa Bombo ambaye kila nikikutana naye ananiambia anaenda shambani, na sijazoea mpaka leo, maana nilikuwa na yeye siku alipoambiwa jina la ugonjwa.

Kwa Uganda njia hii ina bahati tatu. Dawa imekuwa ikitolewa bila malipo kwa wagonjwa kupitia Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa mpango wa Novartis na shirika la The Max Foundation. Kipimo ni cha damu, hakihitaji kukatwa nyama, na kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu. Na imatinibu ikichoka, wapo wadogo zake, dasatinibu na nilotinibu, ingawa badiliko moja liitwalo T315I huwashinda wote watatu.

Sharti lake ni moja na ni gumu: kidonge kila siku, bila kuruka, hata ukijisikia mzima kabisa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokosa zaidi ya dozi moja katika kila kumi walikuwa mbali sana na matokeo ya wenzao waliomeza zote. Dozi moja kati ya kumi ni siku tatu tu kwa mwezi, yaani safari moja ya msibani ukasahau vidonge nyumbani. Pia, anayetibiwa kifua kikuu amwambie daktari mapema: rifampisini hushusha kiwango cha imatinibu kwenye damu mpaka inakuwa kama hukumeza. Nasisitiza hili kwa sababu magonjwa haya mawili hukutana kwetu, na mara nyingi hutibiwa kwenye majengo tofauti ambayo hayaongei.

Titi: homoni na HER2

Hapa ndipo maamuzi mengi hukosewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uvimbe wa titi unaweza kuwa unaendeshwa na njia ya homoni ya estrojeni, au na HER2, au na zote mbili, au na hakuna hata moja. Watu wamesikia habari za HER2 kwa sababu dawa yake ina jina kubwa. Njia ya homoni haina sifa mitaani kwa sababu dawa yake, tamoksifeni, ni kidonge cha zamani cha bei ndogo. Nimewasikia watu wakisema mgonjwa wao "amepewa vidonge tu", kana kwamba amenyimwa. Sivyo hata kidogo. Tamoksifeni ni dawa ya kulenga kabla neno hilo halijawa maarufu: inakaa kwenye kipokezi cha estrojeni na kuizuia homoni isikae. Kwa mwenye uvimbe wenye kipokezi hicho, kuimeza miaka 5 hupunguza karibu nusu uwezekano wa ugonjwa kurudi katika miaka hiyo, na hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja kwa miaka 15. Tamoksifeni kwa mwenye kipokezi cha estrojeni, na trastuzumabu kwa mwenye HER2, zote mbili hupunguza vifo kwa kiasi kinachokaribiana. Moja hubebwa mfukoni kwenye basi la Arua. Nyingine inahitaji mshipa, muuguzi, friji na kipimo cha moyo.

HER2 yenyewe ni kipokezi cha ukuaji. Seli ya kawaida ina nakala chache za jeni yake. Uvimbe wa aina hii una nyingi mno, na utando wa seli umejaa vipokezi vinavyoamshana vyenyewe bila kungoja ujumbe. Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba wanawake wenye uvimbe wa namna hiyo ugonjwa huwarudia mapema. Trastuzumabu ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na imatinibu. Leo kuna nakala zake zinazotengenezwa na viwanda vingine, zilizopimwa na kuonekana kufanya kazi sawa, kwa bei ya chini. Ukiambiwa dawa si Herceptin lakini ni trastuzumabu, usidhani umetapeliwa. Uliza tu kama imesajiliwa na mamlaka ya dawa.

Lakini wenye HER2 ni kati ya asilimia 15 na 20 tu ya wagonjwa wa saratani ya titi. Wanne kati ya watano, basi, trastuzumabu haiwahusu. Na tafiti zilizofanywa hospitali ya Mulago, Kampala, zimeonyesha kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hapa wana uvimbe usio na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni wala HER2. Kwao kemo na upasuaji ndiyo matibabu yenye nguvu, na ni uongo mkubwa kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kemo ni ya maskini na dawa ya kulenga ni ya matajiri.

Kwa hiyo kipimo. Maabara hupaka rangi maalumu kwenye kipande cha nyama na kutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Alama ya 3+ maana yake njia ya HER2 inafanya kazi, dawa inafaa. Alama ya 0 na 1+ maana yake trastuzumabu haifai. Alama ya 2+ haijaamua, na lazima kipimo cha pili kihesabu nakala za jeni ndani ya kiini. Hapo kwenye 2+ ndipo familia huchoka na kuamua kununua dawa kwa kubahatisha. Ningekuwa na uwezo ningesimama mlangoni niwazuie. Kipimo cha pili ni mara moja. Dawa ni kila wiki tatu kwa mwaka mzima, dozi 17 au 18. (Iko dawa nyingine mpya zaidi, trastuzumabu iliyobebeshwa sumu, ambayo tangu 2022 imeonyesha kuwasaidia wenye alama ya 1+ na 2+ ugonjwa ukiwa umesambaa. Ni dawa tofauti na ni ghali zaidi. Usizichanganye.)

Na kabla ya kipimo, kipande chenyewe. Dada yake yule dereva alikuwa amekatwa nyama kwenye kliniki moja, ikatiwa kwenye chupa kavu, ikasafiri siku mbili kwa basi. Ilipofika maabara ilikuwa imeharibika. Rangi haikushika vizuri na hakuna jibu lililoweza kutolewa. Ilibidi akatwe tena. Alilia, na mimi nililia naye, kwa sababu kosa lilikuwa la chupa. Kipande kinapaswa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja tangu kikatwe, fomalini iwe nyingi kama mara kumi ya kipande, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Muulize muuguzi mbele yake, kwa adabu lakini bila aibu: "Musawo, hii ni fomalini?"

Jibu la pili lilirudi hivi: estrojeni chanya, HER2 1+. Kiwanja hakikuuzwa. Alipata upasuaji, kemo, na sasa yuko kwenye tamoksifeni.

Kama ungekuwa mgonjwa wa 3+, ningekwambia tofauti: tafuta trastuzumabu kwa nguvu zote, na uliza kuhusu miezi 6. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba kwa ugonjwa wa mapema miezi 6 haikuwa duni kuliko miezi 12, na moyo uliumia zaidi kwa waliopata miezi 12. Madaktari wengi bado wanashika mwaka mzima kama kawaida, na wana sababu zao, lakini ukiwa na pesa ya miezi 6 tu, usikae nyumbani ukidhani nusu haina maana. Zungumza na daktari. Moyo upimwe kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu hivi. Na tamoksifeni nayo ina yake: joto la ghafla mwilini, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hatari ndogo ya saratani ya kizazi, na haitakiwi kwa mjamzito.

EGFR: njia moja, magonjwa mawili, majibu tofauti

EGFR ni ndugu wa HER2. Kwenye saratani ya mapafu ya aina fulani, hasa kwa wasiovuta sigara, kipokezi hiki huwa na badiliko linalokifanya kiwake daima. Gefitinibu na erlotinibu hukizima, na mgonjwa aliyekuwa akihema kwa shida anaweza kutembea baada ya wiki chache. Nimeona mara moja tu, na ilikuwa kama mtu amefunguliwa kamba kifuani.

Ila linganisha na BCR-ABL. Hapa uvimbe hausimami kwa mguu mmoja, una vichochoro. Kwa dawa za kwanza, ugonjwa kwa kawaida hushikwa karibu mwaka, halafu hupata njia. Katika nusu hivi ya wagonjwa, kinachoutoa ni badiliko jipya kwenye kipokezi kilekile, T790M. Osimetinibu, iliyoidhinishwa 2015, ilitengenezwa kwa ajili ya hilo, na ikitumiwa tangu mwanzo huushika ugonjwa kwa muda wa kati wa miezi 18.9 (nusu ya wagonjwa huvuka hapo, nusu hawafiki). Ni muda wa thamani kubwa. Lakini familia iambiwe ukweli kwamba hii si safari ya miaka 10 kama ya mzee wa Bombo.

Na bila badiliko hilo? Jaribio lililofanywa Asia na kuchapishwa 2009 lilijibu waziwazi: wagonjwa wasio na badiliko la EGFR waliopewa gefitinibu walifanya vibaya kuliko waliopewa kemo. Hawakubaki palepale, walizidi kuumia. Kununua dawa ya kulenga bila kipimo kunaweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemsaidia.

Kwenye saratani ya utumbo mpana EGFR hiyohiyo hulengwa kwa dripu ya setuksimabu. Huko somo ni la aina nyingine. Chini ya EGFR kuna tarishi aitwaye RAS. Kwa karibu nusu ya wagonjwa wa utumbo mpana RAS mwenyewe ameharibika na anakimbia bila kutumwa. Ukifunga mlango wakati tarishi yuko ndani tayari, umefunga nini? Tangu 2008 inajulikana kwamba kwa wagonjwa hao dawa ya EGFR haisaidii, na kwa hiyo RAS hupimwa kwanza. RAS yenyewe ilikaa karibu miaka 40 bila dawa. Ya kwanza, sotorasibu, iliidhinishwa 2021, na inalenga badiliko moja tu la KRAS, liitwalo G12C, ambalo huonekana zaidi kwenye mapafu.

Nikiulizwa kuhusu mapafu Uganda, bado naanza na jambo lililo mbali na dawa: wagonjwa wengi ninaowatafsiria wametibiwa kifua kikuu kwa miezi, wengine mara mbili, makohozi yakiwa hayajawahi kuonyesha kijidudu. Kikohozi kisichosikia dawa ya TB kinahitaji picha na kipande cha nyama, si duru nyingine ya vidonge.

Tezi dume

Kwa wazee wetu hii ni miongoni mwa saratani zinazoongoza, na njia yake ni moja: homoni ya kiume. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba kuizima homoni hiyo hurudisha ugonjwa nyuma, na akapata tuzo ya Nobel 1966. Njia za kuizima ni mbili: kuondoa korodani kwa upasuaji wa mara moja, au sindano kama goserelini kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote. Kwa kuushusha ugonjwa, zinafanya kazi sawa. Kwa mfuko, haziko karibu hata kidogo.

Wazee wengi huchagua sindano kwa sababu ya heshima yao ya kiume, na ninawaelewa. Kinachoniuma ni yule anayechagua sindano, anapata tatu, pesa inaisha, homoni inarudi na maumivu ya mgongo yanarudi nayo. Mzee akiamua sindano, watoto wakae chini wahesabu miaka, si miezi. Wakiona hawafiki, wamwambie kwa upole na mapema. Njia hii nayo huzoea, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kwa ugonjwa uliosambaa, na hapo kuna abirateroni na enzalutamidi zinazoifuata homoni ilikojificha.

Mishipa ya damu ya uvimbe

Uvimbe unahitaji damu, na huiita kwa kutoa kichocheo kiitwacho VEGF. Judah Folkman alilitoa wazo la kuukatia damu mwaka 1971, na bevasizumabu ikaidhinishwa 2004. Nailinganisha hapa kwa sababu ya mlango wa kizazi, saratani inayowachukua wanawake wa Uganda kuliko nyingine yoyote. Kwa ugonjwa uliosambaa au kurudi, kuongeza bevasizumabu kwenye kemo kulirefusha maisha kutoka muda wa kati wa miezi 13.3 hadi 17. Ni chini ya miezi minne. Hakuna kipimo cha kukuambia nani atafaidika, na kwa baadhi ya waliopigwa mionzi huleta tundu kati ya uke na kibofu au utumbo. Siwezi kuidharau miezi minne ya mama yeyote. Lakini kama pesa ni ya kuchagua, hii naiweka chini kabisa ya orodha, chini ya mionzi iliyokamilika, chini ya morfini ya kunywa, na chini sana ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, ambayo wasichana wa Uganda wamekuwa wakipewa kitaifa tangu 2015.

Zilizobaki, kwa haraka

BRAF, kinasi kinachomfuata RAS kwenye mnyororo: badiliko la V600, hasa V600E, liko kwenye karibu nusu ya melanoma (saratani ya ngozi) za wazungu, na dawa zake, zikiandamana na za MEK inayoifuata kwenye mnyororo, hufanya kazi vizuri. Melanoma ya kwetu hukaa zaidi kwenye nyayo, na aina hiyo hubeba badiliko hilo kwa nadra zaidi. Pima kwanza.

PI3K na mTOR: njia ya lishe ya seli. Dawa yake ya asili, sirolimusi, ilitoka kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba wagonjwa waliopandikizwa figo wakapata saratani ya Kaposi walipona madoa yao walipohamishiwa dawa hiyo. Kwa Kaposi ya mwenye VVU, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi, ARV ndiyo msingi na kemo huongezwa ugonjwa ukiwa mkubwa.

Wakati hakuna cha kulenga

Hili ndilo gumu kutafsiri. Daktari anasema hakuna dawa ya kulenga, na mgonjwa anasikia hakuna matumaini.

Hapohapo Mulago, mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao dunia inauita kwa jina lake hadi leo. Vipande alivyopeleka London ndimo Epstein, Achong na Barr walimoona virusi vipya mwaka 1964. Taasisi ya Saratani ya Uganda yenyewe ilianzishwa 1967 kwa ajili ya watoto hao. Chanzo cha uvimbe huo kinajulikana: jeni ya MYC imehamishwa mahali pake, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, na haizimiki. MYC haina dawa ya kulenga iliyoidhinishwa mpaka sasa.

Na bado watoto hao ni miongoni mwa wagonjwa wanaopona vizuri wakiwahi. Siklofosfamidi, kemo ya zamani, huuyeyusha uvimbe kwa siku chache, kwa sababu seli zinazogawanyika kwa kasi hiyo ndizo kemo huzikamata vizuri kuliko zote. Nilikaa na mama mmoja wa Bundibugyo siku ya sita ya dripu. Alikuwa akiugusa uso wa mwanawe kila mara, akiutafuta uvimbe. Kinachowapoteza watoto hawa ni kurudishwa nyumbani uvimbe ukinywea, kabla ya dozi zote kuisha. Ukiwa na mtoto wa namna hii, pesa ya kuuza kiwanja iende kwenye nauli na chakula cha kukaa mjini mpaka dozi ya mwisho.

Kwa ndugu yangu mwenyewe

Wa kwanza kulipwa angekuwa mpasuaji anayetoa kipande kizuri, na fomalini. Wa pili, maabara inayopima vipokezi, au BCR-ABL kama ni damu. Kama jibu ni homoni au BCR-ABL, ningetulia, kwa maana dawa inafikika na njia inajulikana, na kazi iliyobaki ni kumeza kila siku. Kama ni HER2 3+, ningepiga simu kwa kila mwana wa ukoo. Kama ni EGFR kwenye mapafu, ningeuliza bei ya mwaka mzima kabla ya kununua pakiti ya kwanza. Kama hakuna kilichopatikana, kemo na mionzi kwa ratiba, na ningeuliza pia huduma za Mbarara au Gulu kama ziko karibu na nyumbani kuliko Kampala.

Bloku ya parafini, ile nta ndogo iliyobeba kipande cha nyama, huhifadhiwa maabara kwa miaka na inaweza kupimwa tena dawa mpya ikitokea. Ina namba. Ya dada wa Arua nimeiandika mara mbili: kwenye daftari langu, na kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la daftari lake la kliniki, na nduguye ameipiga picha kwa simu.